Dada Yangu, Fundi wa Kurasa za Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na ninyi ambao hatujuani ila mmekuja kwa sababu mlisoma vitabu vyake: asanteni kwa kufika, na poleni kwa kusimama juani. Mimi ni mdogo wa kike wa marehemu, wa kuzaliwa naye tumbo moja, na nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka thelathini na minane. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba tarehe mtakazozisikia zimehakikiwa. Marehemu alikuwa mtu wa kutia chumvi. Mimi sitii. Katika programu mliyonayo mkononi, aya ya ugonjwa ina mistari minne tu, kwa sababu kikao cha familia kiliamua iwe hivyo. Mimi nitaisoma kama nilivyoiandika mwanzo, na marehemu mwenyewe aliniruhusu, kama mtakavyosikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1953, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa karani wa ghala na fundi cherehani. Baada yake alizaliwa kaka yetu, aliyefariki akiwa mchanga, kisha mwaka 1957 nikaja mimi. Nyumba ile ilitetemeka kila treni ilipopita, na mama alizoea kusimamisha cherehani, akashika sindano kwa meno, akangoja behewa la mwisho. Baba ndiye aliyemfundisha marehemu kusoma, kwa maandishi ya magunia na makasha aliyoyaona kazini. Alipokuwa na miaka mitano hakuweza kuandika jina lake, lakini aliweza kusoma "Usitumie kulabu" na "Weka pakavu" bila kukwama.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960, akamaliza la saba Novemba 1966, kisha akaendelea na sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1970. Ni katika miaka hiyo ndipo alipoingia kwenye hadithi za mapenzi, na hakutoka tena. Jirani yetu mmoja, nesi, alikuwa na boksi zima la vitabu hivyo chini ya kitanda, na kila alipoleta gauni la kupunguzwa, marehemu alilipeleka likiwa tayari na kurudi na kitabu ndani ya blauzi. Alivisoma njiani, alivisoma chooni, alivisoma ndani ya kitabu cha jiografia.

Siku moja mwaka 1968, mwalimu akiwa anaeleza aina za miamba, marehemu aliangua kilio darasani. Mwalimu alimbembeleza, akamuuliza kuna nini. Akajibu, "Amekufa, mwalimu. Na walikuwa waoane Jumamosi." Mwalimu akamruhusu aende nyumbani. Jioni ile mwalimu yule na wenzake wawili walibisha hodi kwetu, wamevaa vizuri, wakakaa, wakainamisha vichwa.

"Mama, tumekuja kukupa pole," mwalimu akasema.

Mama akashika kifua. "Pole ya nini? Nani tena?"

"Huyo kijana. Aliyekuwa aoe Jumamosi."

Mama akageuka kumtazama marehemu. Marehemu akatazama dari. Kitabu kilitolewa chini ya godoro mbele ya wageni, na wageni walikuwa waungwana, hawakucheka mpaka walipofika barabarani. Mmoja wao alirudi siku ya pili kukiazima. Tangu siku hiyo mama alimwita Machozi, na jina hilo ndilo tulilomwita nyumbani hadi wiki iliyopita.

Mimi sikuwa msomaji. Hadithi zote nilizozijua nilisimuliwa na Machozi tukiosha vyombo. Utaratibu wake ulikuwa huu: aliosha vikombe huku akisimulia mwanzo, na wapendanao walipotenganishwa alifuta mikono akasema amechoka. Ukitaka kujua kama wataonana tena, sugua sufuria. Nilisugua sufuria za nyumba ile kwa miaka minane. Alikuwa pia na daftari la mistari alimoorodhesha kila hadithi aliyomaliza, na pembeni akaandika mwanamume alikaa muda gani kabla ya kurudi kwa mpenzi wake. Miaka miwili. Miaka saba. Mwaka na nusu. Alifika hadithi mia mbili na kumi na mbili. Mimi, kwa kupenda hesabu, nilimtafutia wastani, ikawa miaka mitatu na miezi miwili. Alifurahi kuliko siku aliyopata cheti. "Unaona?" akaniambia. "Anayerudi kabla ya mwaka huyo hajaondoka."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Baada ya shule alimsaidia mama kushona kwa miaka mitatu, na tarehe 1 Februari 1974 akaajiriwa na maktaba kuu, chumba cha ukarabati wa vitabu, ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya stoo ya magazeti. Hapo alikaa hadi alipostaafu Mei 2008. Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Babu Gundi, ambaye alipika gundi ya unga kila asubuhi na kuichuja kwa soksi ya mkewe. Wale mliofanya naye kazi mnakikumbuka chumba kile: meza ndefu, mashine ya chuma ya kubania vitabu, sindano nene, uzi uliopakwa nta, na dirisha lililoonyesha miguu ya wapita njia tu.

Vitabu vya sheria vililetwa pale mara chache, vizima kama vilivyonunuliwa. Vya mapenzi vililetwa kila siku, migongo imevunjika, vina alama za chai na za vidole, na mara nyingi ukurasa wa mwisho haupo. Kuna watu waliuchana wakaenda nao nyumbani. Kanuni ya maktaba ilisema kitabu cha namna hiyo kifutwe kwenye orodha na kutupwa. Marehemu hakuiweza kanuni hiyo. "Babu, hawa watu wameachwa njiani," alimwambia mzee, akiwa na maana ya wapendanao wa ndani ya kitabu. "Utalalaje?" Mzee akamwambia yeye analala vizuri tu. Basi marehemu akaanza kuandika ukurasa wa mwisho yeye mwenyewe. Aliupiga taipu wakati wa chakula cha mchana, akauchovya kwenye chai ya rangi ili ufanane na wenzake, akaushona mahali pake, akakirudisha kitabu rafuni kikiwa kizima.

Wengi mmekuwa mkiuliza, na magazeti yaliuliza pia, imekuwaje mtu aliyependa hadithi za mapenzi akaishia kuandika habari za miji iliyo chini ya maji, ndege wanaobeba funguo na milima inayohama usingizini. Jibu alilozoea kulitoa lilikuwa neno moja: nafasi. Ukurasa mmoja una pande mbili, na mwandishi wa kwanza, kabla ya kufika hapo, ameshaharibu mambo. Ukurasa wa 186 bwana harusi amezama na meli, na wa 187 haupo. Kwa njia za kawaida huwezi kumfufua mtu, kumkausha, kumvusha bahari na kumwoza kwa mistari sitini. Bila shaka mwandishi yule alimzika. Marehemu hakukubali kuzika. Kwa hiyo akaleta samaki mkubwa akambeba hadi ufukweni. Kwenye kitabu kingine ukuta wa gereza ulifunguka kama pazia kwa sababu bibi mmoja aliimba vizuri. Kwingine mto ulisimama dakika saba, mtu akavuka, ukaendelea. Alianza maajabu kwa kukosa nafasi, kisha akayapenda.

Mambo yaligundulika mwaka 1986. Majirani wawili, mmoja mwanachama wa maktaba kuu na mwingine wa tawi, waliazima kitabu kilekile na kugombana vibaya juu ya mwisho wake, mmoja akidai bwana harusi alizikwa, mwingine akiapa aliletwa na samaki. Walikuja kwa mkutubi mkuu na nakala zote mbili. Mkutubi alikagua rafu nzima, akapata vitabu sitini na kimoja. Akamwita marehemu.

"Hii ni nini?"

"Ni ukarabati, mzee."

Mkutubi aliandika barua ya onyo kurasa mbili. Kisha akaiweka chini akamuuliza kama na kile cha binti wa jaji, ambacho yeye mwenyewe alikisoma likizoni, mwisho wake ulikuwa kazi yake. Marehemu akasema ndiyo. Mkutubi akaikunja ile barua. "Basi nenda kaandike vyako," akamwambia. "Vya watu viache." Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1989. Hadi anafariki vilikuwa vimetoka tisa, na katika kila kimoja kuna mji wenye lango, kuna mlinda lango mwanamke, na kuna mtu anayerudi kutoka mbali kumfuata mpenzi wake. Na mara zote tisa lango linafunguliwa.

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kwanza wa miswada yote hiyo. Nilimhesabia safari. Aliniuliza, mtu akitembea maili ishirini kwa siku, na nchi ina maili elfu moja na mia nne, atafika lini? Nikachukua penseli nikamwambia siku sabini, akipumzika siku moja kila wiki, themanini na mbili kasoro kidogo. Alinishukuru sana, akanishika mkono. Nilidhani anashukuru hesabu.

Sasa nirudi nyuma kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1980, na fundi umeme aliyekuja kurekebisha taa ya chumba cha ukarabati. Shemeji yangu huyu hapa mstari wa mbele. Alikuja Jumanne, akasema taa itahitaji kuangaliwa tena Jumatano. Jumatano akasema Alhamisi. Taa ile iliangaliwa wiki tatu, na mwezi uliofuata wakaoana. Hakusafiri popote, hakungojewa hata siku moja. Niliwahi kumtania marehemu kwamba huyu kwenye daftari lake angeandikwa sifuri. Akasema, "Mimi si wa kwenye hadithi, mdogo wangu. Wewe ndiye." Nilicheka tena. Nimecheka sana katika maisha yangu na mtu yule. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1982 na wa pili mwaka 1986.

Mwaka huohuo wa ndoa yao, mimi pia nilikuwa na mchumba. Alikuwa mpima ardhi. Alikuja shuleni kwetu kuazima bikari kubwa ya ubaoni, ya kwao ikiwa imevunjika, na akairudisha mara nne. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kuhesabu hatua zake akitembea, kwa sauti ya chini, lakini tukiwa wawili tu, kwa sababu mbele za watu aliona haya. Januari 12, 1981 alipelekwa kupima barabara mpya mbali sana na hapa. Aliniahidi kwamba akishapata nyumba huko atakuja kunichukua. Nilitaka kumwandikia barua wiki ileile. Marehemu akanikataza. "Mwanamke haandiki kwanza," akasema. "Ngoja. Wewe ngoja, utaona." Nilikuwa mtu mzima, nina cheti cha ualimu na akili zangu timamu, na nikamsikiliza. Hilo ni kosa langu na sitambebesha yeye.

Nilingoja 1981 yote. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mwalimu mwenzangu akaniletea habari kwamba mpima ardhi ameoa hukohuko. Marehemu alilia siku mbili, alilia kuliko mimi, na mimi ndiye niliyembembeleza. Mwezi ule alijifungua mtoto wa kwanza, akaniomba nihamie chumba cha nyuma nimsaidie. Sikuwa na pengine pa kwenda wala wa kwenda naye. Nikahamia. Nimelea mabinti wake wote wawili, nimewafunga nywele, nimesahihisha madaftari ya darasa zima nikiwa nimempakata mmoja, ili mama yao apate kuandika. Sijutii mabinti. Wao wananiita mama mdogo, na neno hilo nimelifanyia kazi.

Sasa aya ya ugonjwa.

Septemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alilazwa mara tatu, na mara ya tatu, kuanzia Januari 9 mwaka huu, hakurudi tena nyumbani. Alilala wadi ya wanawake, kitanda namba kumi na moja, karibu na sinki linalovuja. Alikuwa ameacha mswada wa kitabu cha kumi, umeandikwa kwa mkono, na macho yake yakiwa yamechoka aliniomba niwe ninamsomea. Nilimsomea kila siku saa ya kutazama wagonjwa.

Siku ya Jumanne, tarehe 21 Januari, tulifika sura ya kumi na nne. Mtu mmoja anafika langoni mchana wa jua kali, viatu vimejaa vumbi. Anamwambia mlinda lango kwamba kutoka kituo cha magari hadi pale ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nikaacha kusoma.

"Dada," nikamwambia, "nani alikwambia habari ya hatua?"

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Alihesabu akiwa na mimi tu. Sikuwahi kumwambia mtu."

"Alikuja," akasema.

"Nani alikuja?"

"Mwenzako. Shule ilikuwa imefungwa, na sisi tulikuwa tumehama, hakuijua nyumba. Akaja maktaba, nikamsikia akihesabu hadi mlangoni. Mwezi wa sita, tarehe kumi, Jumatano. Alishapata nyumba huko, alitaka kukuchukua."

Nilimuuliza alimjibu nini. Akaangalia sinki.

"Nilimwambia ni mapema. Arudi mwakani."

"Ulimwambia hivyo kama nani?"

"Nilimwambia umesema wewe."

Nesi alipita na kigari cha dawa, tukanyamaza mpaka akapita. Kisha marehemu akanishika kiganja, akasema kwa ile sauti yake ya kwenye vyombo, "Miezi mitano, mdogo wangu. Miezi mitano ni nini? Hata ulikuwa hujakonda. Nilitaka iwe nzuri."

"Iwe nzuri kwa nani?"

"Nilijua atarudi. Wote hurudi."

"Wa kwenye vitabu, Dada."

"Nilikuja kulielewa hilo," akasema. "Nilipokwenda ofisini kwao kumtafuta alikuwa ameshaoa. Nikarudi nyumbani, nikakuta umenipikia."

Kutoka tarehe 10 Juni 1981 hadi tarehe 21 Januari 2025 ni siku elfu kumi na tano, mia tisa thelathini na moja. Nimezihesabu mara mbili. Katika siku hizo zote alikula meza moja na mimi. Alinitazama nikikataa wachumba wawili wazuri kwa sababu nilijiona mtu wa kuachwa. Na alipotaka kutubu, hakutubu kwangu, alimfungulia lango mtu wa karatasi, mara tisa, na mimi nikakaa pembeni na penseli nikimkokotolea mtu huyo siku za kufika. Watu wanasema vitabu vya marehemu vinatoa machozi kwa uzuri wa yule anayerudi. Alikuwa mchumba wangu. Alikuwa mzuri kweli, na alirudi kweli, na dada yangu wa damu alimgeuza mlangoni kwa sababu hadithi ilikuwa haijaiva. Nimesalitiwa. Nimelitafuta neno jingine lililo jepesi zaidi, la kufaa mazishi, sikulipata.

Nilikunja mswada nikaondoka, na kwa siku tisa sikukanyaga hospitali. Siku ya kumi binti wa pili akanipigia simu, akasema mama yake hali chakula, na anawapigia kelele manesi. Nikarudi. Sikurudi kwa kuwa nimesamehe. Nilirudi kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua namna anavyopenda kugeuzwa, mguu wa kushoto kwanza, mto chini ya goti. Nilimwogesha, nikamchana nywele, na kwa wiki nne hatukuongea jambo lile.

Jumapili, tarehe 2 Machi, aliniambia, "Wasifu usome wewe. Wengine watanipamba."

Nikamuuliza, "Nisome na ya langoni?"

"Na ya langoni."

Kisha akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia ameze dawa kwanza. Akameza. Akaningoja. Mimi nikachukua beseni nikatoka kwenda kumwaga maji, na niliporudi alikuwa amelala, au alijifanya amelala ili kunipa nafasi, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo pia.

Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi tisa na siku kumi na nane. Nilikuwa kwenye varanda nakamua kitambaa chake cha uso.

Katika kikao, binti wa pili aliniambia, "Mama mdogo, haya si mambo ya makaburini." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi sina mahali pengine pa kuyasemea." Binti wa kwanza alilia tu. Shemeji, ambaye naye aliyasikia kwa mara ya kwanza pale, alikaa muda mrefu akiikunja kofia yake na kuikunjua, mwishowe akasema, "Asome." Nakushukuru, shemeji. Nilijua hukujua.

Mchapishaji wake yupo hapa, na ameniuliza kwa adabu kama nitakimalizia kitabu cha kumi, kwa kuwa marehemu alikiacha mtu akiwa bado amesimama nje. Nimemjibu kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu. Wasomaji wake mnaweza kukimalizia wenyewe vichwani mwenu, na najua mngekimaliziaje. Kama siku ya leo ingeandikwa na marehemu, sasa hivi nyuma yenu kabisa, pale kwenye seng'enge, angekuwa amesimama mtu mmoja mzee, viatu vyake vina vumbi, midomo inacheza akihesabu. Mpima ardhi alifariki Agosti 2011, akaacha mke na watoto wanne. Niliuliza ofisini kwao zile siku tisa, nikaonyeshwa tangazo lenye picha yake. Nalijua hilo vizuri sana. Na tangu nianze kusoma nimetazama kule nyuma mara mbili.

Marehemu ameacha mume mmoja, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na wasomaji ambao idadi yao siijui, kwa hiyo sitaitaja. Alikuwa mcheshi. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi. Alinipenda, na hilo ndilo linalonishinda kulimeza, kwamba alinipenda wakati wote.

Apumzike. Amani aliiomba kwangu nikatoka na beseni, na hadi leo sina ya kumpa; nikiipata, nitakuja hapa mwenyewe kumletea.